Aliyekata Mianzi ya Mzee Mligo

Aliyekata mianzi ya Mzee Mligo ni Festo Ngole. Si mimi. Naanza na hilo kwa sababu hapa Makambako mpaka leo wapo wanaoniita "mama wa mianzi", na ninyi vijana mnaosomea upishi, mkija kutafuta kazi mji huu, mtalisikia jina hilo kabla hamjaniona mimi. Festo mwenyewe yupo. Ana duka la pembejeo, tena ananisalimia vizuri sana. Namwitikia. Lakini jina lake nimeliandika.

Mwalimu wenu ndiye aliyeniomba niwaandikie habari za kazi. Nikamwambia mimi niliishia darasa la nne. Akasema, andika kama unavyoongea. Haya. Jiko nimeliacha kabla ya wakati wake, maana sijafika hata sitini. Moshi wa kuni umeyala macho. Daktari aliniambia nikiendelea nitakuja kupika kwa kupapasa. Kwa hiyo la kwanza la kazi ni hili, lipokeeni bure: usikubali jiko lisilo na bomba la moshi, hata tajiri akuite mwanangu.

Mimi nilianzia kwenye nyumba ya wageni ya shirika moja la serikali. Niliosha masufuria mpaka siku mpishi mmoja alipofiwa, nikapewa mwiko, na mwiko sikuurudisha. Nilikuwa na chumba cha kazi pale nyuma, na humo nilimlea binti yangu Neema. Kisha zikaja siku za kila kitu kuuzwa. Meneja wetu, Lwambano, alitukusanya uani, akafunua karatasi, akasema tumepata ridandansi. Tukapiga makofi. Ndiyo, tulipiga makofi. Neno lilikuwa la Kizungu, meneja alikuwa amevaa tai, nasi tulidhani ni kitu cha kupewa. Mzee mmoja wa bustani aliuliza hiyo ridandansi tunaichukulia ofisi gani. Lwambano akatazama saa. Alikunja karatasi yake akaondoka, na Jumatatu tulikuta kufuli jipya. Kumbe ridandansi ni kupunguzwa kazini.

Nilihamia kwa shemeji yangu, ambaye Neema anamwita baba mdogo, tukapewa korido, mimi na Neema. Mkeka wetu ulikuwa kati ya mlango wa sebuleni na mlango wa uani. Anayekwenda chooni anaturuka. Anayerudi anaturuka. Shemeji akitoka kunywa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, alikuwa haruki, anakanyaga. Neema alijifunza kulala amejikunja ukutani kama paka, na hata mchana akikaa, alikuwa anakaa hivyohivyo, amejikunja. Alikuwa na miaka sita. Basi katika hadithi hii yote mkiona nimekuwa mkali, kumbukeni ile korido. Sikutaka ukuu wa jiko. Nilitaka mlango.

Na mlango ulikuwepo. Mzee Shaabani, mfanyabiashara aliyetoka Tanga, alikuwa na hoteli ya chakula karibu na stendi, ile ya madereva wa malori ya Zambia. Aliniajiri, na nyuma ya hoteli alikuwa anajenga jiko jipya, ambalo bomba lake la moshi lilibaki ahadi mpaka mwisho, na ubavuni mwa jiko chumba kimoja cha tofali. Alisema wazi mbele yetu sote: "Mpishi mkuu atalala hapo, lori likiingia alfajiri nisiwe na kazi ya kutafutana mitaani." Wapishi tulikuwa wawili, mimi na Festo. Hakusema nani.

Wakati huo mawe ya thamani yalikuwa yametoka huko kusini, Songea na Tunduru, na wanunuzi wa Thailand walikuwa wanapita kwetu na magari yao. Wanasimama Makambako, wananunua soda, wanatazama sahani za watu, wanarudi kula biskuti ndani ya gari. Mzee Shaabani aliumia sana kuona jambo hilo.

"Watu wana njaa, na hela wanazo, halafu wanakula biskuti mbele ya hoteli yangu," alisema. "Ni matusi."

"Nilimpa mmoja wali maharage," Festo akasema. "Aliuliza pilipili. Nikamletea. Akaila yote kama karanga, maharage akayaacha."

Dereva wao alikuwa Hamisi, kijana wa Dar es Salaam aliyeishi nao mpaka lugha yao akaisikia kidogokidogo. Yeye ndiye aliyesema kwamba mmoja wa wanunuzi ana mke, na huyo mke joto la Tunduru lilimshinda, kwa hiyo wamempangishia nyumba Njombe kwenye baridi, na anapika yeye mwenyewe. Mzee Shaabani hakuilalia habari hiyo. Alimtuma Hamisi akamwombe yule mama atufundishe. Mama akakubali. Nadhani alikuwa amechoka kukaa dirishani akitazama mvua ya Njombe.

"Mtakwenda wote wawili, mke wangu atashika mwiko," Mzee Shaabani akatuambia. "Atakayerudi na chakula cha wale watu mkononi, jiko jipya ni lake, na chumba ni chake."

Neema nikamwacha koridoni kwa shemeji, nikapanda basi.

Mwalimu wetu tulimwita Mama Noi, na Hamisi aliachwa kwake kutukalimania. Alikuwa mfupi, mwepesi, na hakai kwenye kiti. Anachuchumaa kuanzia asubuhi mpaka mchana na magoti hayamlalamikii. Kinu chake kilikuwa cha jiwe, kidogo, cha kukumbatia kwa mkono mmoja. Mimi nilikuwa nimebeba kinu chetu cha mti na mchi mrefu, maana niliambiwa kuna kutwanga. Aliponiona nimesimama nimeinua mchi juu ya kichwa ili nitwange vitunguu saumu vitatu, alirudi nyuma hatua kadhaa, akamwambia Hamisi neno.

"Anauliza," Hamisi akasema, "unamuua nani."

Hapo ndipo nilipojifunza kutwanga upya, mwanamke wa Kibena niliyetwanga tangu utotoni. Anza na kigumu, malizia na laini. Chumvi ya mawe kwanza na pilipili, chumvi inasaga kama msasa. Kisha mchaichai. Mchaichai sisi tuliujua kwenye chai tu. Yeye majani aliyatupa, akachukua shina la chini, lile jeupe, akalikata vipande vyembamba kama karatasi kabla halijaingia kinuni. Usipolikata hivyo, utatwanga mpaka jioni na mgeni atatafuna kamba. Kisha ganda la ndimu, mizizi ya giligilani, bizari nzima, vitunguu mwisho. Mizizi ya ile tangawizi yao haikuwepo, tukaweka tangawizi yetu kidogo. Na baada ya pilipili, mikono paka mafuta kwanza ndipo unawe. Maji peke yake yanaitembeza tu pilipili. Festo alidharau hilo, akaenda haja ndogo. Hamisi alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani.

Mama Noi alikuwa na chupa ya maji ya samaki, nyeusi, yenye harufu ya kumfukuza mbwa. Ilipokaribia kwisha nilimpelekea usipa wa Ziwa Nyasa kutoka sokoni, wale wadogo waliokauka, tukawaloweka kwenye maji ya chumvi ya moto, tukachuja. Alionja, akafikiri, akanipiga begani. Mpaka leo natumia usipa.

Ila siku ya kwanza tulimtesa mama wa watu. Hamisi alikwenda kuosha gari, tukabaki bila mkalimani. Mama Noi alichota mchuzi kwa kijiko, akatuletea karibu na mdomo, akasema: "Chim."

"Anataka chumvi," Festo akasema. Akatia.

Mama Noi akaonja, akakunja uso, akaongeza maji. Akachota tena. "Chim."

"Hee, huyu mama na chumvi," nikasema mimi. Festo akatia tena.

Akaongeza maji, akaongeza tui, akachota. Safari hii alituangalia mmoja mmoja, akasema polepole kama anasema na viziwi: "Chim. Chim." Nami, kwa kumhurumia, nikatia kwa mkono wangu.

Hamisi aliporudi alimkuta amejiinamia magotini. Mabega yanacheza. Hatukujua analia au anacheka.

"Chim ni onja," Hamisi akasema. "Anawaambia muonje. Ninyi mnamtilia bahari."

Mtacheka, lakini nawaambia kwa nini hatukufikiria kuonja. Kule kwenye nyumba ya shirika Lwambano alikataza. Mpishi akionekana na kijiko mdomoni aliitwa mlafi, mwizi wa chakula cha wageni. Nilipika miaka yote ile kwa kunusa na kwa kukisia. Mama Noi ndiye mtu wa kwanza aliyeniletea kijiko mdomoni na kuningoja niseme kitu. Wenye majiko wengine bado wana tabia ya Lwambano. Msikubali. Mpishi asiyeonja ni mtu anayebahatisha tu.

Sasa mianzi.

Nyuma ya ile nyumba, ng'ambo ya mfereji, kulikuwa na mianzi ya Mzee Mligo, mzee wa kanisa, Mlutheri wa siku nyingi. Ilikuwa masika, na machipukizi yalikuwa yanatoka ardhini manene, yana manyoya, kila moja kama mkono wa mtoto aliyevaa sweta. Msiotoka huku niwaeleze: chipukizi la mwanzi kwetu halikatwi ovyo. Linaachwa lifike kimo chake, linakatwa ncha, linatundikiwa mbeta, yaani kopo la mwanzi wenyewe, nalo linatoa maji matamu asubuhi na jioni. Ndiyo ulanzi. Ukikata chipukizi likiwa changa umekunywa pombe ya mwenzio kabla haijawa pombe. Watu wamesusiana hata misiba kwa jambo hilo.

Jioni moja Mama Noi alinishika mkono, akanipeleka hadi mferejini, akayaona yale machipukizi, uso ukamng'aa kama mtu aliyeona ndugu. Akayanyooshea kidole. "No mai," akasema. "No mai, no mai."

Mimi Kizungu changu ni kidogo, lakini "no" naijua. Nikajua anakataa. Nikajua ameelewa kwamba vile ni vitu vya watu. Nikafurahi. "Ndiyo, mama," nikamjibu, na mimi nikinyoosha kidole, "no kabisa. Havikatwi." Akatikisa kichwa kwa furaha, nikatikisa kichwa, tukarudi tumeshikana mikono, kila mtu na lake. Kumbe kwao "no mai" ndilo jina la machipukizi yenyewe, na ni mboga, tena mboga wanayoipenda.

Festo alikuwa amesimama mlangoni akituangalia. Yeye alikwisha kumuuliza Hamisi, akajua maana yake.

Asubuhi yake niliamka nikakuta kikapu kimejaa machipukizi jikoni, na Mama Noi anaimba. Festo alikuwa anayamenya naye.

"Umetoa wapi?" nikamuuliza.

"Nimepewa."

"Na nani?"

"Dada Eda, wewe kazi yako kutwanga. Twanga."

Tuliyachemsha, maji ya kwanza tukamwaga, ya pili tukamwaga. Hilo shikeni sana, maana machipukizi ya mianzi mabichi yana uchungu na yana sumu. Maji yake ya kwanza usimpe hata kuku. Sufuria lilikuwa bado linatoa mvuke Mzee Mligo alipoingia uani na balozi wa nyumba kumi, na nyuma yao majirani wanne watano wenye nyuso za msiba.

"Kamwene," Mzee Mligo akasema.

"Kamwene, baba. Shikamoo."

"Marahaba." Akafunua sufuria mwenyewe, kwa kofia yake. Akatazama ndani. "Mmeyachemsha," akasema.

"Nani amekata?" balozi akauliza.

Festo hakusubiri hata pumzi. "Mimi sijui, balozi. Ila jana jioni dada Eda na huyu mgeni walikuwa pale mferejini wanaonyeshana. Nilidhani wanatazama mandhari."

Majirani wakaguna. Mama mmoja akasema ni kweli, yeye pia alituona, na alishangaa mtu mzima wa Kibena anashangilia mianzi kama hajawahi kuiona.

"Mwulizeni mgeni," nikasema. "Mwulizeni aliyemletea."

Hamisi akamwuliza. Mama Noi alijibu maneno mengi, na mkono wake ulikwenda upande wa Festo, nilimwona. Hamisi akatazama chini, akasema: "Anasema hajui. Alikuta kikapu tu."

Hilo nalo niliandike: Hamisi dereva, wa pili kwa jina.

Mzee Mligo hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejibu. Alisema kwa upole, "Mwanangu, mimi situmii pombe. Ule ni mtogwa tu, ulanzi mtamu usiochacha, wa asubuhi, wa wajukuu."

"Na wa jioni je, mzee?" mtu mmoja akauliza nyuma.

"Wa jioni nyamaza," Mzee Mligo akasema, na hata balozi alikohoa kuficha kicheko.

Adhabu yangu ikawa kupalilia viazi vyake kila mchana mpaka shamba liishe. Nilipalilia. Festo akabaki na mwalimu peke yake. Mama Noi hakuelewa kwa nini nimekwenda shambani, lakini siku ya pili alinifuata huko, amebeba kinu chake cha jiwe kiunoni kama mtoto, akachuchumaa kwenye tuta, akatwanga huku mimi nalima, na kila mara ananiletea kijiko. Mzee Mligo alikuja kutazama. Akaletewa kijiko. Akasimama nacho mdomoni, machozi yakamtoka kwa pilipili, akasema, "Kumbe hivi ndivyo wanavyokula mianzi yangu." Akamwomba tena.

Lakini viazi havikuisha haraka, na somo likaisha. Festo alipanda basi kabla yangu. Nilipofika Makambako na udongo wa Njombe bado kwenye kucha, vitu vyake vilikuwa tayari ndani ya kile chumba cha tofali, na Mzee Shaabani hakuniangalia usoni.

"Nimesikia ulikamatwa," akasema.

"Sikukamatwa, mzee. Nilisingiziwa."

"Balozi alikuhukumu au hakukuhukumu?"

"Alinihukumu."

"Basi. Mimi nina wageni wanaoacha mizigo humu ndani. Siwezi kuweka ufunguo kwa mtu mwenye neno la wizi. Kama unataka, kuna vyombo vya kuosha."

Nikaosha vyombo. Mtaniuliza kwa nini sikuondoka. Niende wapi? Nilirudi kwa shemeji kila jioni, nikajikunja upande mmoja, Neema upande mwingine. Nilikuwa nasikia harufu ya Festo akipika, na nilijua kwa pua tu kwamba anakosea. Sikusema. Si kazi ya muosha vyombo.

Wanunuzi wa mawe waliporudi kutoka kusini ilikuwa mchana, na safari hii Mama Noi alikuwa nao, wanakwenda Dar es Salaam. Mzee Shaabani alijipanga mlangoni na kanzu safi. Mama Noi hakukaa mezani. Alipita moja kwa moja jikoni, akachota mchuzi wa Festo, akaonja, akaweka kijiko chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Halafu akaniona kupitia mlango wa uani, mikono yangu imo kwenye povu. Akaja akanivuta hivyo hivyo na povu langu.

Mbele ya Mzee Shaabani alichuchumaa, akafanya kwa mkono kama anakata kitu ardhini, chwa, chwa, chwa, akamwonyesha Festo kidole. Akanionyesha mimi, akatikisa kichwa, hapana.

"Anasemaje?" Mzee Shaabani akamwuliza Hamisi.

Hamisi akatazama viatu vyake. "Anasema aliyekata mianzi ni Festo. Alisema hivyo hata siku ile."

"Na siku ile wewe ulitafsiri nini?"

"Kwamba hajui. Niliogopa kesi, mzee. Hawa ni wageni wa nchi, wana pasipoti. Nilitaka jambo liishe pale pale."

"Likaishia mgongoni kwangu," nikasema.

Festo akasema mianzi ni majani tu, imekuwa kesi ya mauaji. Mzee Shaabani akapangusa uso, kisha akasema neno lililonikata kuliko la balozi: "Ya Njombe yabaki Njombe. Wageni wana njaa. Eda, pika."

Si pole. Si samahani. Pika.

Nikanawa. Mama Noi akaegemea ukuta, akanipa kinu chake. Nikatwanga, nikakata kuku, nikakuna nazi. Na hapa lazima niwaambie jambo la tui, maana bila hilo hamtaelewa kilichotokea. Mke wa Mzee Shaabani, mtu wa Tanga kama yeye, alinifundisha kupika tui kwa kukoroga bila kuacha, maana tui likikatika, yaani likiachana na mafuta yake, mpishi ameaibika na chakula kimeharibika. Kwa watu wa pwani hiyo ni kama sheria ya dini. Mama Noi alinifundisha kinyume chake. Tui zito peke yake kwenye sufuria, moto wa wastani, usiguse. Ungoje likatike lenyewe, mafuta yasimame juu yanang'aa, na ndani ya mafuta hayo ndipo unakaanga vile ulivyotwanga, mpaka harufu ya ubichi iondoke. Festo alikuwepo siku ya somo hilo. Aliona kwa macho yake. Lakini mkono wake ulikataa, ukaendelea kukoroga, na ndiyo maana chakula chake kilikuwa kama uji wenye hasira.

Basi tui langu likaanza kutokota. Likavimba, likatulia, likaanza kuchanika pembeni. Mzee Shaabani alikuwa nyuma ya bega langu.

"Eda," akasema. "Koroga. Tui linakatika."

Niliweka mwiko kando.

"Mzee," nikasema, "kile chumba."

"Chumba gani? Koroga."

"Chumba cha mpishi. Nimeitwa kupika."

"Tutazungumza. Koroga kwanza."

"Tuzungumze kwanza."

"Eda, hizo nazi nimeagiza Dar es Salaam, nyingine hakuna. Wageni wamekaa." Sauti yake ilikuwa imeshuka, imekuwa ya mtu anayeomba. "Mama, linakatika hilo."

"Naliona."

"Anafanya makusudi," Festo akasema kutoka mlangoni. "Si nilikwambia ana roho mbaya?"

Mama Noi alikuwa anatazama sufuria na anatabasamu, nami najua tabasamu lile ndilo lililommaliza Mzee Shaabani. Alidhani tumerogwa wote wawili. Alilitazama lile tui kama mtu anayetazama gari lake likiteleza korongoni na breki haishiki. Madoa ya mafuta yakatokea, moja, mawili, yakaungana.

"Festo," akasema, "toa ufunguo."

"Vitu vyangu vimo ndani, mzee."

"Vitatoka. Toa ufunguo."

Festo akautoa mfukoni. Mzee Shaabani akauweka pale kwenye kibati cha chumvi, mbele yangu. Na tui likawa limemaliza kukatika. Mafuta yamesimama safi. Nikatia vilivyotwangwa, vikalia chaa, harufu ikatoka mpaka barabarani.

"Umeshaharibu," akasema kwa huzuni.

"Subiri, mzee."

Wageni walikula, wakafuta sahani kwa wali wa mwisho, na yule mume wa Mama Noi alikuja jikoni kuniinamia na viganja vimeungana. Mzee Shaabani alikula mwisho, amesimama. Akanawa mikono polepole.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua, mzee."

"Ungeniambia tu."

"Ungenipa ufunguo?"

Alifuta mikono. Alikuwa mtu mzuri kwa mengi, amekufa, Mungu amrehemu, lakini yeye ni wa tatu katika majina yangu. Alijua ukweli nikiwa na povu mikononi, na ukweli peke yake haukumtosha. Hilo lishikeni kuliko mapishi. Mtu mwenye njaa anasikia, mtu aliyeshiba ananawa mikono. Sema neno lako chungu kikiwa motoni.

Festo aliondoa kitanda chake mwenyewe, akapewa chapati za asubuhi, hakusema samahani siku hiyo wala hizi. Mawe ya kule kusini yalipungua na wale watu hawakurudi tena, Mama Noi sikumwona tena. Madereva wa Zambia wakabaki na chakula, wakakiita kuku wa Thailand, baadaye kuku wa Eda, na kwa kuku huyo nimepika mpaka macho yaliponikatalia.

Jioni ile nilimfuata Neema kwa shemeji. Nilibeba mkeka, yeye alibeba sufuria. Nikafungua kile chumba. Hakukuwa na kitu ndani, saruji tu na dirisha. Akasimama mlangoni, hakuingia.

"Mama," akasema, "hapa anapita nani?"

"Hapiti mtu."

"Hata baba mdogo?"

"Hata yeye."

Akafikiri. Akaingia, akatandika mkeka katikati kabisa ya chumba, mbali na kuta zote, akajilaza chali, mkono mmoja huku, mwingine kule, miguu ameitawanya kama mtu aliyeanikwa. Ilibidi mimi nimruke kwenda kufunga mlango.